Bitana ya Mama Yasmina

Hapa mjini Baraka, ukitaka kujua kama ndugu zako bado wanakuhesabu, usiwaulize. Watakuapia kwa Mungu. Wewe subiri harusi, subiri bahasha ya mwaliko ifike mlangoni kwako, kisha inua ulimi wake utazame ndani. Ukikuta karatasi ya maua, yenye chapa ileile ya kitenge cha harusi, wewe ni mtu wa nyumba: nenda sokoni ukanunue kitenge hicho, ukashone, ukakae chini ya turubai la familia, tunaloliita shitingi, na utakula mapema. Ukikuta weupe mtupu, wewe ni mgeni. Vaa unachotaka, kaa utakapopata, na sahani yako itafika ikifika.

Nimeona watu wazima wakilia kwa ajili ya weupe huo. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana. Na aliyetuletea jambo hili hakuwa chifu, wala shehe, wala padri. Ni mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayekaa kwenye baraza la Alphonse wa fotokopi, hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu. Jina lake ni Bushira. Kwa miaka ishirini na minne tulimwita Mama Yasmina, na nitawaambia jinsi alivyonyang'anywa jina hilo, maana nilikuwepo nikatazama.

Alizaliwa Lweba, na hapohapo akaolewa na Assumani, fundi wa injini za boti. Kwa kina Assumani walikuwa wanaume watatu: Rashidi mkubwa, Assumani wa katikati, na mdogo wao ambaye alimwoa Latifa. Bushira hakupata mtoto. Alikunywa mizizi, akameza dawa za hospitali, akasomewa na mashehe, na hata wachungaji wa kwetu walimwekea mikono kichwani. Wapi. Latifa aliolewa baada yake, na mwaka haujageuka akazaa msichana, wakamwita Yasmina.

Mwaka wa 2000 vita vilishuka tena hadi ufukweni mwa ziwa, na watu wakakimbilia Kigoma kwa boti. Yasmina alikuwa na miezi minane, na surua imemjaa mwili mzima hadi ndani ya mdomo. Mwenye boti akasema mtoto wa surua hapandi, ataambukiza wote. Latifa na mumewe walikuwa wamekwisha kupanda. Bushira alikuwa bado majini, maji yamemfika kiunoni, amemshika mtoto juu ili wampokee, na hakuna aliyenyoosha mkono. Latifa akamwambia, "Baki naye, juma mbili tu, tutarudi." Boti ikaondoka.

Simlaumu Latifa kwa siku ile. Vita havimpi mtu nafasi ya kupima, na mimi mwenyewe kuna mambo niliyoyaacha nyuma ambayo siyasemi. Ninamlaumu kwa siku zilizofuata, na zilikuwa nyingi. Bushira na Assumani walipanda milimani na mtoto yule. Walimnywesha maji ya mchele, walimfunika kwa kikwembe kimoja wakabaki wao na baridi, na hakufa. Amani iliporudi kidogo, watu wetu wa kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, walianza kurudi, mwaka baada ya mwaka, boti zinashusha watu na mabati yao. Latifa hakuwa ndani ya hata boti moja. Mumewe alifia kambini, akaolewa na mwingine, akazaa watano. Katika miaka hiyo yote alituma picha mbili na gauni moja, na gauni lenyewe lilimfika Yasmina wakati mwili umelipita kwa miaka mitatu.

Baada ya milimani, Assumani alimleta mkewe na mtoto hapa Baraka, kwenye ua wa Rashidi. Waliishi hapo miaka kumi na mmoja. Bushira ndiye aliyekuwa akifagia ua ule, akipika kwenye misiba yao na kuosha wagonjwa wao. Kisha Assumani akafa kwa ini. Arobaini haijasomwa, Rashidi akamwambia kwamba chumba kinahitajika, maana anaoa mke wa pili. Bushira akajitwisha godoro, Yasmina akabeba sufuria, wakaenda kupanga chumba kwa watu. Hapo ndipo nilipomfahamu vizuri, kwa sababu alikuja kuomba nafasi ya kukaa kwenye baraza letu.

Alianza na bahasha za kawaida. Kwa Alphonse watu walikuwa wakija kuandikisha barua za kuomba kazi, na kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilipofunguliwa na mashirika yakaja na magari yao, barua zikawa nyingi kuliko kazi. Kila barua ilitaka bahasha. Bushira alikunja bahasha kwa karatasi za dukani, akazibandika kwa gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Yasmina akitoka shule alikaa miguuni pake na kuandika nyuma ya karatasi ambazo mashine ya Alphonse ilikuwa imeziharibu. Bushira alimshika mkono akamfundisha kuvuta mkia wa herufi "y" hadi ufike mstari wa chini. Kwa bahasha hizo mtoto alisoma hadi akawa muuguzi, na leo anachoma watu sindano huko Nundu.

Bitana yenyewe ilitokana na kichekesho. Familia moja ya Nundu iliwaagiza watu wake kitenge cha harusi kwa mdomo: "Kile cha ndege za manjano." Kumbe sokoni kulikuwa na vitenge vitatu vyenye ndege wa manjano. Siku ya harusi familia ikatokea makundi matatu, kila kundi na ndege wake, na mashangazi wakagombana mbele ya mpiga picha juu ya nani aliyekosea. Ndoa ya pili ilipofika katika familia hiyo, mama mmoja akaniletea kipande cha kitenge akilalamika kwamba watu watakosea tena. Bushira akakichukua kile kipande, akakigeuzageuza. Akaokota soli ya kandambili iliyotupwa, akaichonga kwa wembe, akaigusisha kwenye wino wa mihuri wa Alphonse, akaipiga kwenye karatasi nyeupe. Ua la kitenge likatoka kama lilivyo. Akaikata ile karatasi akaitia ndani ya bahasha. "Kila muntu aende nayo ku soko," akasema, "alinganishe."

Ndivyo ilivyoanza, na tangu hapo hakuna harusi ya maana kuanzia Nundu hadi Fizi isiyopita mikononi mwake. Tuliiita bitana, kama ya koti. Mimi ni fundi, najua kazi safi nikiiona. Kila rangi ilikuwa na soli yake. Karatasi ya ndani aliipunguza upana wa ukucha kila upande, ili isile sehemu ya gundi. Aliibandika kwenye ulimi peke yake, chini akaiacha huru, maana ukibandika pande zote, bahasha ikikunjwa karatasi inafanya makunyanzi. Wengine walijaribu kumwiga. Za kwao zilikunjamana kama shuka la mlevi.

Lakini kilichompa heshima si mikono, ni ukali wake. Familia ilileta orodha ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa wenye bitana, ukurasa wa pili ni wa wasio nayo. Bushira hakuongeza jina hata moja. Kazi ikiisha, alizikatakata zile soli kwa mkasi mbele ya mwenye harusi, na karatasi iliyobaki akamrudishia, ili asitokee mtu wa kujitengenezea undugu. Watu walimletea kuku. Watu walimletea samaki, mikeke mibichi bado inarukaruka kwenye beseni, atie bitana moja tu ya wizi. Mimi mwenyewe nilimwomba mwaka fulani, kwa harusi ya tajiri mmoja ambaye nilidhani ni binamu wa mume wangu. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Mama Divine, kama ni ndugu zako, watakuandika." Hawakuniandika. Nilimnunia wiki nzima, kisha nikaacha, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Sasa sikilizeni. Yasmina alichumbiwa na Iddy, kijana wa wenye boti. Bushira alicheza barazani mchana kweupe, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitikisa hata bega. Na miezi miwili kabla ya harusi, Latifa akafika kutoka Kigoma na mabegi manne.

Alilia bandarini hadi akaketi chini. Yasmina naye alilia, na Bushira alilia, na sisi wote tukalia, sitakataa. Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Wiki ya pili, pale bombani, nikasikia mtu akiita "Mama Yasmina!" na aliyegeuka alikuwa Latifa. Wiki ya tatu wanawake walikuwa wakisema "Bushira" peke yake, bila Mama, kama wanamwita msichana wa kazi. Yasmina, ambaye tangu ajue kusema alimwita mama, akaanza kumwita mama mkubwa. Ni kweli, ndivyo undugu unavyosema: Assumani alikuwa kaka wa baba yake. Lakini mbona kweli hiyo haikuwahi kumtoka mdomoni wakati ada za shule zilikuwa zinatafutwa?

Rashidi akaita kikao cha familia. Bushira aliniomba nimsindikize, nikakaa karibu na mlango kama jirani. Rashidi alikohoa, akamsifu Mungu, akasema, "Mutoto iko wa mudogo yangu. Mama yake amefika, Mungu ni mukubwa. Bushira alitusaidia, tunamushukuru sana. Lakini kiti ya mama siku ya ndoa iko ya mwenye alizaa."

Alitusaidia! Kama mtu aliyekushikia ndoo wakati unafunga kanga. Watu hawahawa kwenye kila harusi wanashika maikrofoni na kutuambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sisi tunapiga makofi. Nilitaka kulisema hilo. Nikakumbuka kwamba Fabien, mume wangu, yuko na Rashidi kwenye kamati ya bandari, nikaufunga mdomo wangu.

Bushira hakubisha. Alikuwa amekuja na jambo moja tu. "Kiti mukamate," akasema. "Blanketi ya mama, mwenye bakwe wataleta, mukamate. Mi naomba kitu moja: muniweke mu famille. Mu liste ya kwanza. Nilikuwa bibi ya Assumani, na ule mutoto nilimubeba."

"Hiyo haina shida," Rashidi akasema. Latifa akatikisa kichwa kukubali, Yasmina pia akakubali. Wote niliwaona.

Tukiwa njiani Bushira alinishika mkono, kitu asichokuwa na desturi nacho. Akaniambia hivi: viti vinasahaulika, chakula kinasahaulika, lakini mtu akiwa na bahasha yenye bitana anaiweka sandukuni hadi afe, na wajukuu wa Yasmina watakuja kumwuliza yeye, Bushira, nani aliyempa, naye atawaambia. Hicho ndicho alichokitaka duniani, wala si kingine. Siku iliyofuata alienda sokoni akanunua kitenge cha harusi kabla hata orodha haijaandikwa, akanipa nimkatie. Nikamkatia kwa vipimo vyake, mikono mirefu kama anavyopenda.

Kitenge kilikuwa cha majani ya mpapai, kijani, na duara za rangi ya chungwa katikati. Kuchonga jani la mpapai kwenye soli si mchezo, lina vidole vingi na kila kidole kina meno. Alichonga siku tatu. Aliharibu soli nne. Alipopiga karatasi ya kwanza, Alphonse alitoka dukani kwake kutazama, na Alphonse hatoki hata nyumba ikiungua. Familia ilipouliza malipo, Bushira alikataa. "Nitajilipisha ndoa ya mutoto wangu?" akawajibu.

Orodha ililetwa Jumatatu asubuhi ndani ya mfuko wa plastiki. Bushira alikuwa na gundi mikononi, akaniambia nimsomee. Ukurasa wa kwanza, majina themanini. Rashidi na wake zake. Latifa na watoto wake watano. Watu wa Kigoma, watu wa Fizi, watu ambao sijawahi kuwaona wakikanyaga chumba kile cha kupanga. Namba sitini na moja ilikuwa mimi na Fabien, kwa ajili ya ile kamati ya bandari. Nikaendelea kusoma huku sauti inapungua, maana jicho langu lilikuwa limetangulia chini. Nikafika themanini.

"Endelea," akasema.

"Imeisha."

"Soma ya pili."

Ukurasa wa pili ulikuwa na majina mengi zaidi. Alikuwa katikati yake, juu yake Alphonse wa fotokopi, chini yake mtu wa jenereta. Hakuandikwa mama mkubwa. Hakuandikwa mjane wa Assumani. Iliandikwa: *Bushira wa anvelope*.

Alifuta mikono kwenye kikwembe chake akaichukua ile karatasi. Nilifikiri anataka kuhakikisha jina. Hapana, alikuwa akitazama mwandiko. Ile "y" ya Yasmina, mkia umevutwa hadi mstari wa chini. Mtoto ameandika mwenyewe, kwa mkono uleule aliofundishwa kwenye baraza hili. Bushira akairudisha karatasi mezani, akaweka jiwe juu yake isipeperuke, akaendelea kubandika.

Mimi nilipandwa na hasira hadi nikavunja sindano ya cherehani. Nikamwambia, "Asante ya punda ni mateke, nilikuambia siku nyingi." Nilikuwa sijamwambia kamwe, lakini hasira haina kumbukumbu nzuri. Nikamwambia twende kwa Rashidi sasa hivi. Yeye alibandika bitana themanini, siku mbili, bila kuharibu hata moja. Mtu mwingine angezikosea kwa makusudi. Mimi ningezikosea.

Alizimaliza Jumatano, na ikabaki karatasi moja ya majani ya mpapai, imekauka vizuri, inatosha bahasha moja. Yasmina ndiye aliyekuja kuchukua mzigo, akiwa bado na gauni lake jeupe la kazini. Alipoiona orodha chini ya jiwe, macho yake yakaenda barabarani.

"Mama mukubwa," akasema, "usikasirike."

"Nani alinitoa?" Bushira akamwuliza. Hakupaza sauti.

"Hakuna mwenye alikutoa. Ni mama. Anasema kama umevaa uniforme ya ndoa pale mbele, bantu batakuwa banatuangalia, banahesabu miaka mwenye hakukuwa. Analia kila siku. Baba Rashidi naye akasema ndoa isiingie maneno. Mi niko katikati. Nifanye nini?"

"Na ni mukono ya nani iliandika?"

Yasmina alitazama meza, akaiona ile karatasi iliyobaki, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata dawa. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini karatasi si iko kwako? Ujiwekee yako moja. Ukuje nayo. Mi nitanyamaza, na mama hatasema kitu mbele ya bantu."

Nawaambia ukweli, niliona ni wazo zuri. Niligusa hata mguu wa Bushira chini ya meza, nikimaanisha: chukua, nani atajua? Yeye alivua miwani.

"Bitana ni mwenye nyumba anasema: huyu iko wetu," akamwambia. "Mi nikijiwekea, nani atakuwa amesema?"

"Mama mukubwa, ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, andika jina yangu ku ukurasa ya kwanza. Kalamu iko hapa."

Akamsogezea kalamu. Yasmina aliitazama. Msichana huyu namjua tangu ana miaka kumi na miwili, si mbaya wa moyo, ni mwoga tu, na mimi siku hizi naona heri mbaya wa moyo. Pikipiki mbili zilipita. Alphonse alizima mashine yake ndani ili asikie vizuri. Yasmina akasema, "Baba Rashidi ameisha kuisoma," na hakuishika kalamu.

Bushira akachukua mkasi. Akazikata zile soli za majani ya mpapai, moja baada ya nyingine, vipande vidogovidogo, kama anavyofanya kwa harusi ya mtu yeyote. Akafunga bahasha themanini kwa uzi, kumikumi. Juu yake akaweka karatasi iliyobaki. "Peleka," akasema. "Na ile moja ni ya kwenu." Yasmina akaichukua, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani, akapanda pikipiki.

Nguo ya Bushira ilikuwa bado kwangu, nimekwisha kuikata. Nilimwuliza niifanye nini. Akasema niishone tu, nimpe atakayeihitaji. Binamu mmoja wa Latifa alifika kutoka Kigoma kwa kuchelewa, hana nguo ya harusi, ana kimo kama cha Bushira. Nikampa. Ilimbana kidogo kwapani.

Mngedhani hakuenda. Nami nilidhani hivyo, na nilitamani asiende, ili nisimwone. Nilifikiri pia kumpa bahasha yangu, namba sitini na moja. Nilifikiri tu. Wiki tatu baadaye, Jumamosi, baada ya ndoa kufungwa msikitini, watu walijaa kwenye ua wa Rashidi, na mimi nilikuwa chini ya shitingi ya familia, nimevaa majani ya mpapai, nimepaka wanja. Bushira akaingia. Wasichana wawili wa mlangoni walifungua bahasha yake, wakaona weupe, wakamwonyesha upande wa wageni. Alikuwa amevaa libaya lake la buluu la Idi, na viatu vilivyopigwa rangi. Akapata kiti karibu na ukuta, nyuma ya mtu wa jenereta.

Mwenye kuongoza sherehe, ambaye kwetu tunamwita protokole, alikuwa Albert, kijana wa maneno mengi kutoka Fizi. Hakujua lolote la ua ule, alikuwa na karatasi yake tu. Aliwatambulisha wakwe. Alimtambulisha Rashidi. Kisha akapaza sauti kwenye maikrofoni, "Na sasa tunaomba Mama Yasmina asimame! Mama Yasmina, simama tukuone, tukupigie makofi!"

Bushira akasimama.

Hakusimama kwa ubishi. Mtu akiitwa jina lake kwa miaka ishirini na minne, bombani, sokoni, hospitalini, shuleni siku ya matokeo, miguu haingoji ruhusa. Alisimama upesi, anatabasamu, mkono mmoja unaweka sawa kitambaa kichwani. Mbele kabisa, kwenye kiti kilichopambwa, Latifa naye alikuwa amesimama.

Albert akawaona wote wawili, akacheka kwenye maikrofoni. "Eh! Tuko na ba Mama Yasmina babili? Mama wa nyuma, ukae kwanza, tunaomba mama mwenyewe." Watu wakacheka pia. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka jinsi watu wanavyocheka harusini. Rashidi akashusha kiganja chake taratibu mara mbili: kaa, kaa. Mimi nilikuwa namtazama Yasmina. Alimwona. Nasema alimwona, na mtu asinibishie. Alitazama nyuma hadi ukutani, kisha akainamisha uso, akaanza kukagua hina kwenye vidole vyake.

Bushira hakukaa. Tabasamu lilikuwa bado usoni, amelisahau hapo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamwinamia msichana aliyekuwa kiti cha pili akamwuliza kwa sauti, ili sote tusikie kwamba alikuwa amesimama kwa haja yake nyingine, "Mwanangu, choo iko wapi?"

Msichana akamwonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba. Alimwonyesha Bushira njia ya choo, kwenye ua ule alioufagia miaka kumi na mmoja. Yeye akasema, "Aksanti," akakifuata kile kidole, akapita nyuma ya masufuria ya pilau, na hakurudi. Makofi ya Latifa yalikuwa yanaendelea. Mimi nilibaki kwenye kiti changu cha familia, na sahani yangu ilipofika, mapema, nikala.